Kupima na Kutunza Seva ya Utafutaji

Mwalimu wa Kinole, kwenye milima ya Uluguru, anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake habari za matuta ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuyachimba, na ambayo wakulima hao waliyapinga hadi mpango wenyewe ukavunjika mwaka 1955, hana budi kuyatafuta maandishi mbali na kijiji chake. Siku hizi njia mojawapo ni hazina za maandishi za vyuo vikuu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, inayotumia programu iitwayo DSpace. Programu hiyo, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, hutegemea seva ya utafutaji iitwayo Solr. Na Solr imejengwa juu ya Lucene, kazi iliyoanzishwa na Doug Cutting wa Marekani.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi seva ya namna hiyo inavyopimwa na kutunzwa, na kwa nini kazi hiyo yawahusu watu wa lugha, wala si mafundi peke yao.

Seva haisomi maandishi yote kila inapoulizwa. Kwanza hutengeneza faharasa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu: kila neno na mahali linapopatikana. Kwa Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni, zipo kanuni za kukata viishio. Zinazojulikana sana ni za Martin Porter za mwaka 1980. Nomino za Kiswahili hubadilika mwanzoni. Seva isiyopewa kanuni za Kiswahili huyahesabu "tuta" na "matuta", "mkulima" na "wakulima", kuwa maneno yasiyo na undugu wowote. Mwalimu wetu akiandika "tuta", maandishi yenye "matuta" tu hayataletwa, wala seva haitamwambia kwamba imeyaacha. Atadhani hayapo.

Huenda msomaji akasema: basi viambishi vikatwe. Hapo pana mtego. Tukikata "ki-" na "vi-", ni kweli kwamba "kitabu" na "vitabu" vitakutana, lakini vitakutana pia na "tabu". Aliyeomba vitabu ataletewa habari za dhiki. Jina la Kinole lenyewe litabaki "nole". Aidha, "ng'ombe" aliyeandikwa kwa ritifaa iliyonyooka na yule wa ritifaa iliyopinda ni maneno mawili kwa seva isiyoelekezwa.

Ndiyo maana seva hupimwa. Huandaliwa orodha ya maswali, na kwa kila swali wajuzi huonyesha mapema maandishi yanayofaa kuletwa. Njia hii ilistawi huko Cranfield, Uingereza, katika miaka ya 1960, chini ya Cyril Cleverdon. Mambo mawili huangaliwa:

(a) Ukamilifu: katika maandishi yote yanayofaa, ni mangapi yameletwa?

(b) Usahihi: katika yote yaliyoletwa, ni mangapi yanayofaa?

Tuseme hazina ina maandishi 10 yahusuyo matuta, na seva imeleta 8, ambayo 6 kati yake ndiyo yanayofaa. Ukamilifu ni 6 katika 10. Usahihi ni 6 katika 8. Kukata viambishi huongeza ukamilifu, lakini huweza kupunguza usahihi.

Kwa sababu hiyo twapendelea neno "kupima" kuliko "kujaribu". Kujaribu ni kutenda bila hakika ya kuweza. Kupima ni kulinganisha na kipimo kilichokwisha kuwekwa. Vivyo hivyo, "matengenezo" hudokeza kitu kilichoharibika, hali seva huhitaji "matunzo" hata inapofanya kazi vizuri. Kanuni za maneno zinapobadilishwa, faharasa nzima haina budi kuundwa upya, kwani neno lililoingizwa kwa kanuni ya zamani huenda lisikutane na swali lililokatwa kwa kanuni mpya. Kisha orodha ile ile ya maswali irudiwe, ili ionekane kama kilichopatikana jana kinapatikana leo. Mkulima hangoji magugu yafunike shamba ndipo apalilie.

Solr ni programu huria. Tusichanganye "huria" na "bure": bure yahusu bei, huria yahusu ruhusa ya kuisoma programu, kuibadilisha na kuisambaza. Kwa ruhusa hiyo, kanuni za Kiswahili zaweza kuongezwa bila kumwomba mtu. Fundi aweza kuziandika. Lakini orodha ya maswali ya kuzipimia haina budi kutoka kwa wanaoijua lugha na wanaoyahitaji maandishi. Kila mwalimu, mfasiri na mtumishi wa serikali na aanze na maneno 20 ya kazi yake, katika umoja na wingi, na aandike anachotarajia kuletewa. Pasipo orodha hiyo, maandishi yetu yatakuwa yamehifadhiwa, lakini hayataonekana.