Ligi Iliyofukuzwa Ilivyowapokea Wagomaji

Mwezi Juni, 1949, umati wa watu ulikusanyika katika uwanja wa ndege wa Techo, mjini Bogotá, kumngojea mgeni. Mgeni huyo hakuwa rais wa nchi jirani, wala hakuwa askofu kutoka Roma. Alikuwa mcheza mpira wa miaka 30, Adolfo Pedernera, kutoka Argentina. Alipopelekwa katika uwanja wa El Campín kutambulishwa kwa mashabiki wa klabu yake mpya ya Millonarios, watu walifurika, ijapokuwa siku hiyo alikuja kupunga mkono tu, si kucheza. Viongozi wa klabu walikuwa watu wa hesabu. Walizitazama fedha zilizokusanywa mlangoni, wakaelewa kwamba wakiwaleta wengine wa namna hii hawatakosa wateja.

Hivyo ndivyo ulivyochangamka msimu ambao watu wa Colombia wanauhesabu kuwa mwanzo wa enzi ya El Dorado, kwa jina la ile nchi ya dhahabu ambayo Wahispania wa kale waliitafuta wasiipate. Jina la klabu yenyewe, Millonarios, maana yake ni Mamilionea. Lakini msomaji asidanganywe na majina hayo ya utajiri akadhani kwamba kisa hiki ni cha matajiri. Ni kisa cha watu waliotaka kulipwa haki yao, na mwanzo wake hauko Bogotá bali Buenos Aires, katika mgomo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1940 klabu ya River Plate ya Buenos Aires ilikuwa na safu ya mbele ambayo mashabiki waliibandika jina la La Máquina, yaani Mtambo. Walikuwa watano: Muñoz, Moreno, Pedernera, Labruna na Loustau. Pedernera alikuwa mshambuliaji wa kati, lakini hakuganda mbele ya goli kungoja mpira kama walivyofanya wenziwe wa siku zile. Alirudi nyuma, akaupokea, akaugawa, na mabeki wa upande wa pili wakabaki wanaulizana nani amfuate. Kila Jumapili viwanja vilijaa watu kuwatazama wanaume hao. Walipaji walikuwa makuli wa bandarini, mafundi wa reli, wachinjaji wa machinjioni, makarani; ndio waliotoa fedha iliyojenga majukwaa yale makubwa ya saruji.

Fedha ilikwenda klabuni. Mchezaji naye alikuwa mali ya klabu, na neno hilo silitumii kwa mzaha. Mkataba wake ulipokwisha, usajili wake ulibaki katika kabati la klabu, na bila ridhaa ya viongozi hakuweza kuchezea timu nyingine yoyote. Kama hakupenda mshahara aliopewa, njia iliyobaki ilikuwa kuacha mpira. Klabu ilipomchoka ilimwuza, na bei ikapangwa na wengine. Pedernera mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, alitolewa River Plate akapelekwa Atlanta mwaka 1947, kisha Huracán mwaka 1948.

Wachezaji hao walikuwa wameunda chama chao, Futbolistas Argentinos Agremiados, mwaka 1944. Walidai mambo ambayo mfanyakazi yeyote wa kiwandani angeyaelewa bila kufafanuliwa: chama kitambuliwe, kiwekwe kima cha chini cha mshahara, na mtu aliyemaliza mkataba awe huru kutafuta mwajiri mwingine. Pedernera alikuwa miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele, na hili linastahili kukumbukwa, kwa sababu wanaogoma mara nyingi ni wale wasio na cha kupoteza, naye alikuwa nacho. Mazungumzo yaliposhindikana, mwishoni mwa 1948 wachezaji waliweka viatu chini. Viongozi wa vilabu hawakufunga milango. Waliwaita vijana wa timu za chini na wachezaji wa ridhaa, wakawavalisha jezi za wakubwa, na ligi ikamalizwa hivyo hivyo mbele ya majukwaa yaliyopwaya. Independiente ikatangazwa bingwa wa mwaka huo.

Mgomo uliendelea hadi 1949. Ulipokwisha, wachezaji walikuwa wamepata baadhi ya waliyoyadai, lakini mishahara nayo ikawekewa kikomo cha juu. Kwa bingwa anayejaza uwanja, kikomo hicho kilikuwa kama kufungwa kamba mguuni. Ndipo barua na wajumbe kutoka Colombia walipoanza kubisha hodi.

Kwa nini Colombia, nchi ambayo wakati huo haikuwa na jina lolote katika kandanda? Ligi yake ya kulipwa ilikuwa changa kabisa. Ilianza Agosti 1948, ikiwa na timu 10, na bingwa wa kwanza alikuwa Santa Fe ya Bogotá. Iliendeshwa na chombo kilichoitwa Dimayor, ambacho kiligombana na chama cha mpira cha nchi kilichokuwa kikitambuliwa na FIFA. Ugomvi huo ulimalizika kwa ligi kufukuzwa, na Colombia ikasimamishwa katika mpira wa kimataifa. Ilikuwa adhabu, lakini wajanja wa Bogotá waliigeuza fursa. Kama hutambuliwi na FIFA, basi kanuni za FIFA za kulipia uhamisho hazikufungi. Na fedha ambayo ungeilipa klabu ya mchezaji unaweza kumpa mchezaji mwenyewe. Ng'ambo waliiita ligi ya maharamia. Wachezaji, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, waliulizwa wao wenyewe wanataka kiasi gani.

Lipo jambo jingine ambalo haifai kulipita. Tarehe 9 Aprili, 1948, miezi minne tu kabla ya ligi kuanza, kiongozi aliyependwa na wanyonge, Jorge Eliécer Gaitán, aliuawa kwa risasi barabarani katikati ya Bogotá. Mji ulilipuka kwa ghasia, maduka yakachomwa, watu wengi wakafa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vijijini vikaendelea kwa miaka mingi. Novemba 1949 Rais Mariano Ospina Pérez alilifunga Bunge na kutangaza hali ya hatari. Mpira ulichezwa katika nchi ya namna hiyo. Wapo wanaosema kwamba watawala waliufurahia kwa kuwa uliwasahaulisha watu misiba yao. Huenda. Lakini mtu aliyezika ndugu yake Jumatano na akaenda uwanjani Jumapili hakuwa lazima amesahau. Pengine alihitaji saa mbili za kupumua.

Pedernera alipokwisha kupata makazi Bogotá, aliwaita wenzake. Mwezi Agosti wakawasili vijana wawili wa River Plate: Néstor Rossi, kiungo mwenye sauti iliyosikika uwanja mzima, na Alfredo Di Stéfano, umri miaka 23, ambaye mwaka 1947 alikuwa ameongoza kwa mabao katika ligi ya Argentina, akiwa amefunga 27. Klabu yao haikupata hata senti.

Msimu wa 1949 ulikuwa na timu 14, na kila timu ilicheza mechi 26. Mbio za ubingwa zikabaki kwa timu mbili. Millonarios ilikuwa na Waargentina wake. Deportivo Cali iliwageukia Waperu, akiwamo Valeriano López, fundi wa mabao ya kichwa. Timu yao iliitwa Rodillo Negro, maana yake mtambo mweusi unaoshindilia kila kilicho mbele yake. Baada ya mechi zote 26, kila mmoja alikuwa na pointi 44, katika siku zile ambapo ushindi ulihesabiwa pointi mbili tu. Ikabidi zikutane tena kuamua. Millonarios ilishinda mechi zote mbili, 1-0 na kisha 3-2. Mfungaji bora wa mwaka huo hakuwa Di Stéfano wala Pedernera, bali Mwargentina mwingine wa Millonarios, Pedro Cabillón, aliyepachika mabao 42. Jina lake leo halitajwi sana. Mpira una dhuluma zake hata kwa wafungaji.

Millonarios ile iliitwa Ballet Azul, kwa kuwa jezi zake zilikuwa za buluu na uchezaji wake ulifanana na ngoma. Inasimuliwa kwamba ilipokwisha kufunga mabao matano iliacha kutafuta la sita, ikapasiana tu ili wenzao wasiaibike. Utani wa mashabiki ulikuwa huu: matano, kisha ngoma. Mwaka uliofuata, kule Barranquilla, mwandishi kijana wa gazeti alikwenda kuitazama timu hiyo ikicheza na Junior, akatoka na kuandika safu akikiri kwamba naye sasa amekuwa mshabiki. Kijana huyo, Gabriel García Márquez, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1982. Sisi tuandikao magazetini tuna haki ya kujivunia kidogo.

Habari za Bogotá zilifika Uingereza, ambako mambo hayakuwa tofauti na Argentina. Mwaka 1950 mchezaji bora wa Uingereza hakuweza kulipwa zaidi ya pauni 12 kwa wiki, hata kama watu 60,000 walikuja kumtazama. Neil Franklin, beki wa kati wa Stoke City na wa timu ya taifa, aliomba asichukuliwe katika Kombe la Dunia la mwaka huo, akieleza kwamba mkewe ni mjamzito. Kisha akaonekana Bogotá, yeye na familia yake, pamoja na mwenzake George Mountford, wakiwa wachezaji wa Santa Fe. Kule Brazil, Uingereza ikafungwa na Marekani 1-0 bila beki wake mkuu.

Mtu anaweza kumlaumu Franklin kwa kuitupa nchi yake. Mimi namfikiria zaidi mkewe: mwanamke aliyekaribia kujifungua, katika mji ulio mita 2,600 juu ya bahari, asioijua lugha yake, na wenye askari barabarani. Hata miezi mitatu haikutimia wakarudi. Franklin alifungiwa, klabu yake ikamwuza Hull City, na hakuichezea Uingereza tena. Charlie Mitten wa Manchester United alivumilia msimu mzima katika Santa Fe. Aliporudi alipigwa faini ya pauni 250 na kufungiwa miezi sita. Kikomo kile cha mshahara kiliondolewa Uingereza mwaka 1961, wakati Franklin na Mitten walipokuwa watu wa makamo.

Je, viongozi wa vilabu vya Bogotá walikuwa wakombozi? La hasha. Walikuwa wafanya biashara, na ushahidi ni jinsi walivyomaliza. Oktoba 1951, mjini Lima, walikaa meza moja na wale waliowaita maharamia, wakapatana. Colombia ilirudishwa katika jamii ya FIFA. Kwa malipo yake, vilabu viliruhusiwa kubaki na wageni wao hadi Oktoba 1954 tu, kisha kila mchezaji arudishwe kwa klabu iliyokuwa ikimmiliki mwanzo. Mapatano hayo yaliwarudisha watu kama mtu arudishavyo kinu alichoazima kwa jirani.

Yaliyompata Di Stéfano yanaonyesha vizuri. Machi 1952 Millonarios ilialikwa Madrid katika sherehe za miaka 50 ya Real Madrid, ikawafunga wenyeji 4-2, na Wahispania wakamtaka. Barcelona ilizungumza na River Plate, iliyoshikilia kwamba bado ni wake. Real Madrid ikazungumza na Millonarios, iliyokuwa naye hadi 1954. Mwaka 1953 wakuu wa mpira wa Hispania waliamua kwamba avichezee vilabu hivyo viwili kwa zamu, msimu huku, msimu kule. Barcelona ikakasirika ikajitoa, na Real Madrid ikatwaa naye Kombe la Ulaya mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960. Mtu aliyekimbia kumilikiwa na klabu moja aligombewa na vilabu vinne.

Na vijana wa Colombia? Mara nyingi nafasi zilijaa wageni, wao wakakaa kando wakitazama. Lakini walitazama kwa makini. Katika Millonarios ile alikuwamo beki wa kienyeji, Francisco Zuluaga, aliyejiunga akiwa hajafika miaka 20 na kukua akifanya mazoezi na Pedernera na Rossi. Mwaka 1962 Colombia ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, nchini Chile, na nahodha wake alikuwa Zuluaga. Bao la kwanza la Colombia katika mashindano hayo alilifunga yeye, kwa penalti, dhidi ya Uruguay.

Siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, mjini Arica, walikutana na Urusi ya Kisovieti yenye golikipa Lev Yashin. Baada ya dakika 11 walikuwa nyuma kwa mabao 3-0. Katika kipindi cha pili ikawa 4-1. Kisha Marcos Coll alipiga kona, na mpira ukaingia moja kwa moja golini. Likafuata bao la tatu, na la nne. Mechi ikaisha 4-4. Mwalimu wa Colombia aliyekaa kwenye benchi siku ile alikuwa Adolfo Pedernera.