Janti ya pikipiki yako ni nzima?

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayepanda nyuma ya pikipiki na mtoto mgongoni, leo tuzungumze juu ya magurudumu.

Juzi kijana mmoja wa karakana alinionyesha katika simu yake picha ya pikipiki yenye janti nyeusi za nyuzi za kaboni. Akaniuliza: «Daktari, janti zetu zinapinda kila mara, hizi hazipindi. Je, si ndizo zingefaa njia ya Kasongo?» Mimi si daktari, nimekwisha kumwambia mara nyingi, lakini swali lake ni zuri.

Nyuzi za kaboni ni nyembamba kuliko unywele. Zinapangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa kwa gundi ngumu. Janti yake ni nyepesi, tena ina nguvu. Kule Afrika Kusini kiwanda cha Blackstone Tek kinazitengeneza, na katika mwaka 2017 BMW ilitoa pikipiki ya mashindano, HP4 Race, yenye janti za namna hiyo: pikipiki 750 tu, za kukimbia juu ya lami safi.

Shida ni hii. Janti ya rayoni ikigonga jiwe inapinda, rayoni zinalegea, gurudumu linayumba, nawe unalisikia mikononi. Linalalamika. Janti ya aluminiamu nayo mara nyingi hupinda au huonyesha ufa. Kaboni haipindi. Ikipigwa vibaya, tabaka zake zaweza kuachana ndani huku nje inang'aa kama mpya. Siku nyingine inapasuka ghafula. Wenye viwanda vya ndege huikagua kaboni kwa mawimbi ya sauti, kama tunavyomtazama mtoto tumboni mwa mama yake. Fundi wetu wa garaji ataikagua na nini?

Kwa mawe, matope na madaraja ya miti ya huku kwetu, rayoni za chuma zinafaa zaidi. Ikikatika moja, fundi anaibadili. Lakini uziangalie kila juma. Inua gurudumu, lizungushe, weka kijiti karibu na janti: nafasi ikipanuka na kupungua, janti imepinda. Gonga kila rayoni kwa ufunguo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inajibu kama mti uliooza. Aluminiamu uioshe matope kwanza, kisha utazame pale mikono yake inapoungana na kitovu. Ukiona ufa, usiipeleke kuchomelewa, maana moto unaidhoofisha aluminiamu kando ya ufa. Tena jaza upepo. Watu watatu na gunia la mchele juu ya mpira uliolegea, hapo jiwe linapiga janti yenyewe.

Mwili wa mtu nao una tabia kama ya kaboni. Mkono uliovunjika unapiga kelele, kila mtu anasikia. Bandama, yaani wengu, haipigi kelele, na huku kwetu malaria imezivimbisha bandama za watu wengi, hata pigo dogo laweza kuipasua. Mtu anaanguka, usukani unamgonga tumboni, anasimama, anapangusa vumbi, anasema «si kitu». Baada ya saa chache, au hata siku chache, midomo inakuwa myeupe, jasho baridi linamtoka, moyo unakwenda mbio, tumbo linauma, pengine maumivu yanapanda mpaka bega la kushoto. Damu inamwagika ndani.

Huyo aletwe hospitali usiku ule ule, bila kungoja asubuhi. Mlaze chali, mfunike, usimpe chakula, wala pombe, wala dawa ya kienyeji ya kunywa. Mama, kama mumeo amerudi na kaske yenye mkwaruzo na hataki kusema kitu, mwulize tumbo lake linasikiaje, halafu tuitie gari. Usimrudishe juu ya pikipiki ile ile.