Je, Wajua? Vyama, Skuli na Mamlaka ya Zanzibar

Je, wajua kwamba mtoto wa Mlandege, mtaa wa mjini Unguja, husomeshwa na serikali moja na kutahiniwa na nyingine? Skuli za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Lakini akifika Kidato cha Nne, mtihani wake hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo ni jambo la 16 kati ya mambo 22 ya Muungano. Elimu ya juu ni la 14. Muungano ulipoundwa mwaka 1964 mambo hayo yalikuwa 11 tu, na elimu haikuwamo.

Jambo la 22 ni uandikishaji wa vyama vya siasa. Kwa hiyo hata chama kinachodai mamlaka kamili ya Zanzibar hupewa usajili na Msajili wa Vyama vya Siasa wa Muungano.

Je, wajua kwamba skuli na utawala vilishikana hapa kabla hata ya Muungano? Mwaka 1957, jimbo la Ng'ambo, ambako Mlandege iko, lilimchagua Abeid Amani Karume, baharia wa zamani, na kumwangusha Ali Muhsin Barwani wa chama cha Hizbu (ZNP), aliyesoma Makerere. Baadaye Hizbu walidai uhuru upesi, na vijana waliowaunga mkono walipata nafasi za masomo Cairo katika enzi ya Nasser. Afro-Shirazi, chama cha Karume, hawakuwa na haraka hiyo. Hofu yao ilikuwa kwamba Waafrika wengi hawajapata elimu, na uhuru ukija mapema utawakuta watu wale wale waliosoma ndio wanaokalia viti. Wapinzani wao wakawabandika jina la "Uhuru Zuia". Lilikuwa jina kali, tena halikuwatendea haki, maana hofu ile ilikuwa na msingi: asiye na cheti hakuajiriwa ofisini, bendera iwe ya nani.

Katika uchaguzi wa Januari 1961 Afro-Shirazi walishinda jimbo la Chake Chake kwa kura moja tu. Julai 1963 walipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 kati ya 31. Serikali ikaundwa na Hizbu pamoja na chama cha ZPPP cha Mohammed Shamte, mwalimu wa zamani.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakaiangusha serikali hiyo na kuwaweka Afro-Shirazi madarakani. Tarehe 23 Septemba mwaka huo huo Karume akatangaza elimu bila malipo, na hadi leo siku hiyo huadhimishwa Visiwani. Chama kilichoitwa kizuizi cha uhuru kilifungua milango ya skuli ndani ya miezi tisa.

Je, wajua kwamba wanasiasa wawili waliotikisa zaidi muundo wa Muungano walitoka kwenye ualimu? Aboud Jumbe alifundisha kabla ya siasa, na Januari 1984 akalazimika kujiuzulu urais wa Zanzibar kwa sababu ya wazo la serikali tatu: ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika. Seif Sharif Hamad, aliyeitwa "Maalim" mpaka alipofariki Februari 2021, alikuwa Waziri wa Elimu wa Zanzibar kuanzia 1977 hadi 1980, kabla ya kuongoza upinzani akiwa katika chama cha CUF, kisha ACT-Wazalendo.

Vyama vya leo vimesimama wapi? CCM, chama tawala, inashikilia serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar. CUF ilipigania serikali tatu kwa miaka mingi, na ACT-Wazalendo inadai mamlaka kamili. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokabidhiwa Desemba 2013, ilipunguza mambo ya Muungano hadi 7. Elimu ya juu na Baraza la Mitihani havikuwamo, maana yake vingerudi kwa kila upande wa Muungano. Aprili 2014 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka katika Bunge Maalum la Katiba, na rasimu ile haikupita kama ilivyoandikwa. Wengi walibishana juu ya idadi ya serikali, na mtihani wa Kidato cha Nne ukasahauliwa. Nadhani hilo lilikuwa kosa la pande zote.

Basi msomaji, mgombea akija kuomba kura Mlandege, wa chama chochote, muulize maswali mawili: mtihani wa mwanangu utungwe wapi, na cheti chake kitatambuliwa wapi? Asikujibu kwa wimbo wa chama. Mtake ataje sheria atakayoibadilisha, au aeleze kwa nini ibaki ilivyo.