Bosi akimwaga unga: wakala wa ajira ni mshenga wa upande wa pili

Kuna watu mjini hapa ambao wakikosa kazi hakuna anayewaonea huruma. Mabosi. Kijana akimaliza chuo akakaa mtaani miaka mitatu, kila mtu anasema jamani, ajira ngumu, serikali itusaidie. Lakini meneja wa fedha au mkurugenzi wa masoko akipigwa chini, kijiweni utasikia: "Si alishakula sana huyo? Acha naye apumzike." Halafu wanaagiza kahawa nyingine na kurudi kwenye Simba na Yanga.

Hebu tumfikirie baba mmoja wa aina hiyo. Wa kufikirika tu, lakini kama unakaa Dar es Salaam huenda unamjua wako. Amezaliwa Kiwalani, upande wa Bombom, nyumba ya wazazi ipo mpaka leo na vyumba vya uani vina wapangaji. Akasoma, akapanda ngazi, akahamia kupanga Mbezi Beach. Gari la ofisi, mafuta ya ofisi, ada za watoto zinazolipwa kwa muhula kama mtu ananunua kiwanja. Ana miaka 46. Siku moja kampuni inauzwa, wenye mali wapya wanakuja na watu wao, na yeye anarudisha funguo za gari, kompyuta na simu. Anaingia kwenye teksi akiwa na boksi la vitabu mapajani.

Nyumbani hasemi kitu. Saa kumi na mbili asubuhi anavaa tai kama kawaida, anaaga, anatoka. Anashinda wapi? Kwenye bustani ya hoteli na kikombe kimoja cha chai, au kwa rafiki mwenye ofisi Kariakoo. Mke anashangaa tu siku hizi mbona mume wake anapanda daladala. "Gari liko gereji," anajibiwa. Wiki ya kwanza gereji, wiki ya sita bado gereji.

Tusimcheke. Yaliyompata yeye yamewapata wengi, na mara nyingi si kwa uvivu wala wizi. Wa umri mkubwa wanakumbuka NBC ilivyogawanywa mwaka 1997, kisha mwaka 2000 ikauzwa kwa Absa ya Afrika Kusini. Wa rika la kati wamefanya kazi kwenye kampuni ya simu ile ile iliyoitwa Celtel, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 kwa siku moja. Mwaka huo huo Twiga Bancorp ikaunganishwa na Benki ya Posta mwezi Mei, na Benki ya Wanawake ikafuata Agosti. TIB Corporate ikaingia humo humo mwaka 2020, na mwaka 2021 jina likawa Tanzania Commercial Bank. Sasa piga hesabu mwenyewe. Benki mbili zikiungana zinaleta wakurugenzi wa fedha wawili, wakuu wa rasilimali watu wawili, wanasheria wakuu wawili. Kiti kinabaki kimoja. Keshia anaweza kuhamishiwa tawi lingine, mkurugenzi hana tawi la kuhamishiwa.

Na mshiko wa kuondokea si mkubwa kama mtaa unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kiinua mgongo cha angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika kazini, na hesabu inaishia miaka 10. Maana yake hata kama umeitumikia kampuni miaka 18, kima cha chini cha kisheria ni mshahara wa siku 70. Mkataba wako unaweza kutoa zaidi, kausome. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hana hata hicho. Kuna pia fao la kukosa ajira la NSSF lililoletwa na sheria ya mwaka 2018, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia si chini ya miezi 18. Na kama unaona umeachishwa isivyo haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka malalamiko ndani ya siku 30. Sasa yule baba yetu wa tai na daladala siku zake 30 zimeishia bustanini, kwa aibu. Aibu ni gharama, jamani.

Anakuja kwako na posa ya nani?

Wiki ya saba anakumbuka kitu: mawakala wa ajira. Zamani nafasi kubwa zilikuwa zinatangazwa magazetini kupitia kampuni za ukaguzi wa mahesabu kama KPMG, Deloitte na PricewaterhouseCoopers, tangazo nusu ukurasa, jina la mwajiri halionekani. Siku hizi zipo pia kampuni za hapa hapa zinazofanya kazi hiyo, na nyingine za Nairobi na Johannesburg zinazowinda watu mpaka huku. Baba wa watu anachapa CV yake nakala kumi, anaituma kwa mawakala kumi, anakaa pembeni ya simu. Kimya. Anapiga, anaambiwa "tutakutafuta". Mwezi unapita. Anaanza kusema mjini hapa bila kujuana hupati kitu, hawa mawakala matapeli tu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanadhani wakala amekaa pale kuwatafutia kazi. Hapana. Wakala hamtafutii mtu kazi, anaitafutia kampuni mtu. Kampuni ndiyo iliyomtuma na ndiyo inayomlipa, na kwa nafasi za juu malipo hayo duniani huweza kufika karibu theluthi moja ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa huyo atakayeajiriwa.

Sisi wa Pwani tuna neno zuri la mtu huyu: mshenga. Ametumwa na upande wa bwana harusi. Anakuja kwenu kwa adabu, anakunywa chai, anasifia nyumba, lakini barua iliyo mfukoni si yako. Akirudi kule ataulizwa: huyo binti vipi, katulia, kwao wapoje? Atasema alichokiona. Hakuchukii, wala si mjomba wako. Na kama hajatumwa kutafuta binti wa aina yako, hata umpikie pilau, posa haiji.

Ukishalielewa hilo, mambo mengi yananyooka. Kwanza la hela. Umeona wapi bibi harusi akimlipa mshenga nauli? Wakala akikuomba "ada ya kufungua faili", ondoka. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unataka mawakala binafsi wasimtoze mtafuta kazi, na hapa kwetu Kanuni za mwaka 2014 zinamtaka wakala binafsi awe na leseni. Kumuuliza leseni yake si ukorofi.

La pili ni zile nakala kumi. Kuna mawakala wanaolipwa tangu mwanzo ili watafute mtu wa nafasi moja, na kuna wanaolipwa pale tu mtu wao akichukuliwa. Hawa wa pili wanakimbizana. CV yako ikifika kwa mwajiri yule yule kutoka kwa mawakala wawili, kunazuka ugomvi wa nani alipwe, na mwajiri asiyetaka kesi anakuweka pembeni wewe, anachukua mwingine. Wachague wawili au watatu wanaoijua sekta yako, na kila mmoja mwambie sentensi hii mapema: "Ndugu yangu, usipeleke jina langu popote kabla hujaniambia ni wapi." Kwa aliye bado kazini hiyo ni lazima kabisa. Tangazo lisilo na jina la mwajiri huwa na sababu zake. Mara nyingine bosi anayebadilishwa bado yupo kitini na hajaambiwa. Mara nyingine kampuni hiyo ni ya kwako. Hebu fikiria unaomba nafasi ya bosi wako, na barua inatua mezani kwake. Kasheshe lake si dogo.

Halafu kuna ukweli wa kwa nini uliondoka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, lakini wakubwa wa benki mjini hapa wanajuana wote, na wa bima vivyo hivyo. Mshenga mzuri hapeleki jina kabla hajauliza kwa majirani. Ukimwambia umeacha kwa hiari yako na yeye akasikia kwingine umepunguzwa, hutaitwa tena, wala hutaambiwa sababu. Sema kwa sentensi mbili: kampuni iliuzwa, nafasi yangu ilifutwa, tuliachana kwa taratibu. Kisha eleza ulichofanya ulipokuwa pale, kwa namba. Hasira za bosi wa zamani muachie mkeo, yeye atavumilia.

Na usimtegemee wakala peke yake. Angalia viti vikubwa vinavyojazwa. Charles Kimei aliiongoza CRDB miaka 20, na alipoondoka mwaka 2018 nafasi ilikwenda kwa Abdulmajid Nsekela, aliyekuwa NMB, benki shindani. Na NMB mwaka 2020 ilimpa uongozi Ruth Zaipuna, aliyekuwa ofisa mkuu wa fedha wa benki hiyo hiyo. Mmoja katoka kwa jirani, mwingine ndani ya nyumba, na wote walikuwa watu ambao kazi yao ilikuwa inaonekana. Upande wa mashirika ya umma ni mchezo mwingine, huko kuna uteuzi na utenguzi. Nehemiah Mchechu aliondolewa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 2018, akarudishwa Desemba 2021, na 2023 akateuliwa Msajili wa Hazina. Hakuna wakala anayeweza kukuahidi kitu cha namna hiyo, akikuahidi shika pochi yako.

Kwa aliye nyumbani, kinachoua ni pengo. Mawakala wanapenda mtu aliye kazini, ndivyo walivyo, kama wanaume fulani wanaowaona wanawake wazuri wakishaolewa. Miezi minne bila kitu kwenye CV inaanza kuulizwa. Kiwalani ipo jirani kabisa na viwanda vya Barabara ya Nyerere na mizigo ya uwanja wa ndege, na kuna wafanyabiashara huko ambao vitabu vyao vya hesabu ukiviona utalia. Bosi wa fedha anayekubali kumnyooshea mmoja wao mahesabu kwa miezi mitatu, hata kwa malipo madogo, ana cha kuandika na cha kusema. Tatizo ni kwamba tai inamkataza.

Mke anajua lini?

Turudi nyumbani, maana gazeti hili si la mahesabu. Siri ya yule baba inavunjika siku shule inapopiga simu kwa mama kuhusu ada. Na kinachomuuma mama si kazi iliyopotea, ni zile wiki saba za kuagwa asubuhi. "Ina maana ulikuwa unanidanganya na tai?" Hapo ndoa inaingia kwenye mtihani ambao haukuwa lazima. Ukisikia umemwaga unga, mwambie siku hiyo hiyo: mama watoto, kibarua kimeota nyasi, tuna akiba ya miezi mingapi? Huenda jibu ni kuhamia Kiwalani kwa wazazi wiki ijayo badala ya kusubiri kodi iishe kwa fedheha. Wapangaji watapiga umbea wiki mbili, ndege zitapita juu ya bati, watoto watazoea. Na mama ana dada, ana wifi, ana mwenzake wa vikoba ambaye mume wake yuko kwenye bodi fulani. Mume anayeficha anaufunga mlango ambao angepitia.

Kwa bosi mwanamke mambo yanageuka. Yeye akipunguzwa, wapo mashemeji wanaofurahi chini chini: sasa atatulia alee watoto. Na kwenye usaili anaulizwa ana watoto wangapi, mume anasemaje kuhusu safari. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na umri pia umo, ninyi wa miaka 50 msikie. Jibu la kistaarabu lipo: "Safari za kazi nimezifanya na nitazifanya, tuendelee."

Sasa siku mshenga akipiga kweli, swali litakalokuja mapema ni mshahara. Wengi wanajibu kwa kukurupuka, wanataja mshahara wa msingi wa zamani na kusahau kwamba gari, mafuta, ada, bima ya familia na simu vilikuwa vinalipwa na ofisi. Mwajiri mpya akikupa mshahara ule ule bila hivyo, umeshuka. Mkae na mwenzako mezani, mwandike kila kitu ofisi ya zamani ilichokuwa inalipa kwa mwaka, chini yake kiasi ambacho nyumba haiwezi kuishi chini yake. Karatasi ibandikwe pembeni ya friji, ili hata wakala akipiga saa mbili usiku chakula kikiwa mezani, uione.