Binti Zetu na Mkuki

Binti akirudi Malindi likizoni kutoka Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, akasema anatamani ubingwa wa kurusha mkuki, wengi wetu tutashituka: mwanamke na mkuki, wapi na wapi?

Tusiharakie kukataa. Mkuki wa wanawake una uzito wa gramu 600, na nguvu peke yake haiufikishi mbali. Hutakiwa mbinu na subira. Mkenya Julius Yego alijifunza kwa kutazama video za intaneti, na mwaka 2015, mjini Beijing, akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Mwaka 2024, mjini Paris, Arshad Nadeem, Mwislamu aliyekulia kijijini Pakistan, alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa mita 92.97.

Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza kurusha mishale, na alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.). Stara ya binti tuilinde, wala hijabu haimzuii kurusha. Kinachomzuia mara nyingi ni ukimya wetu.

Ubingwa ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu. Dua ya mama na idhini ya baba ni zetu kutoa.