Nani Mfalme Nafsini Mwako?

Mwaka 1095 mjini Baghdad, mwalimu mmoja alitaka kusomesha, ulimi ukakataa. Hata chakula kikawa hakimpiti kooni. Matabibu wakasema maradhi yametoka moyoni, dawa zao hazifiki huko.

Mwalimu huyo alikuwa Abu Hamid al-Ghazali wa madrasa ya Nizamiyya. Alikuwa na cheo, mali na sifa; furaha hakuwa nayo. Mwenyewe asimulia kuwa alipojihoji nia yake, aliona asomesha kwa kutafuta jina. Akagawa mali, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akashika njia ya Sham.

Baadaye aliandika kwa Kiajemi kitabu Kimiya-yi Sa'adat, kinachoeleza furaha ya kweli yapatikana vipi. Humo amfananisha mwanadamu na mji. Moyo ndio mfalme, akili ni waziri, matamanio ni mkusanya kodi, na hasira ni mkuu wa askari.

Mkusanya kodi ni mlafi, ataka kukomba hazina yote; lakini bila yeye mji utakufa njaa. Askari ni mkali, apenda kupiga. Lakini bila yeye mji hauna ulinzi. Kwa hivyo hawafukuzwi. Huwekwa chini ya waziri, kila mmoja akafanya kazi yake kwa kiasi. Mji huharibika pale mambo yanapogeuka, waziri akawa mtumwa wa mkusanya kodi.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye funzo kwetu. Twazoea kusema muovu hana akili. Sivyo. Anayekula mirathi ya mayatima atumia akili nyingi sana: ajua karatasi gani ifichwe, shahidi gani anyamazishwe, na maneno gani matamu ya kuwaambia wazee. Akili anayo, ila imeajiriwa na tamaa. Na kijana anayechomoa kisu kwa neno moja la barazani, mkuu wa askari wake ashampindua mfalme.

Ndiyo maana kwetu mtu hapimwi kwa akili pekee, hupimwa kwa utu. Elimu na mali ni neema, lakini hazisemi nani atawala ndani.

Basi usiku kabla ya kulala, tujiulize: uamuzi nilioupitisha leo, ni nani aliyeutia sahihi?