Sura ya Nne: Mwanamume Mwamini na Nguvu Zake

Kinkondja iko kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, mahali Mto Lualaba unapotawanyika kuwa maziwa na vinamasi vya mafunjo. Wenyeji ni Waluba, na wengi wao huishi kwa uvuvi. Wamekaa hapo tangu zamani mno: makaburi yaliyochimbuliwa Sanga, kwenye ziwa hilohilo, yalikuwa na vyungu na mapambo ya shaba ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo Injili ilipofika ilimkuta mwanamume ambaye tayari alijua uanaume ni nini. Mwanamume alikuwa na watoto, alikuwa na watu nyuma yake, na neno lake lilisikika mbele ya chifu.

Imani ilimtaka mtu huyo abadilike wapi? Nimefikiri sana juu ya swali hili, na naona ilimgusa hasa katika jambo moja: anavyozitumia nguvu zake kwa mtu aliye chini yake. Ubatizo, kuimba kwaya, hata kiti cha mzee wa kanisa, vyote hupimwa hapo.

Tuanze na Shalumbo. Mtu huyu alikuwa katika biashara ya watumwa, akiteka watu na kuwauza upande wa Angola. Huko huko Angola akampokea Kristo. Angeweza kubaki mbali, mahali ambapo hakuna aliyemdai kitu. Alirudi Kongo, kwenye nchi alizoziumiza, akiwa mhubiri. William Burton, mmisionari Mpentekoste aliyefungua kituo cha Mwanza pamoja na James Salter mwaka 1915, aliandika kitabu kizima juu ya maisha ya Shalumbo. Kwangu hatua nzito zaidi ni ile safari ya kurudi. Kutubu ukiwa ugenini ni rahisi. Kusimama mbele ya watu waliopoteza ndugu zao kwa mikono yako kunadai ujasiri wa aina nyingine kabisa.

Kinkondja yenyewe iliishi na Teddy Hodgson, mmisionari Mwingereza wa Preston, aliyefika mwaka 1920 na kukaa kando ya ziwa hilo miaka 40. Mwezi Novemba 1960, jimbo la Katanga likiwa limejitenga na Kongo na vita vimepamba moto kaskazini mwake, aliuawa pamoja na mmisionari mwenzake, Elton Knauf wa New Zealand. Waliowaua walikuwa vijana wenye silaha. Tukiwaheshimu marehemu, tuwafikirie pia vijana wale, maana hapo ndipo somo linapouma. Kijana aliyepewa silaha na hasira, wala hana mzee wa kumzuia, huona uanaume uko kwenye ncha ya mkuki. Kanisa lililowabatiza watu kwa miongo mingi linapaswa kujiuliza liliwafundisha nini wavulana kuhusu nguvu.

Fundisho lililo wazi zaidi juu ya jambo hili lilizaliwa ndani ya Kanisa Katoliki, na mizizi yake iko kwa Waluba. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 na kuishi na Waluba wa upande wa Kamina. Mwaka 1945 kikatoka kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichobishaniwa Afrika nzima. Baadaye alikiri kwamba wale aliokuja kuwafundisha ndio waliomfundisha kuwa mtu anatamani mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Reli ilikuwa imefika Bukama tangu 1918, na vijana wa bonde walishuka kwa treni kwenda migodini kusini. Huko Kolwezi, katika miaka ya 1950, Tempels na wachimba migodi wakaanzisha harakati ya kiroho iliyoitwa Jamaa.

Katika Jamaa mume hakuingia peke yake. Aliingia na mke wake, wakaitwa baba na mama, na mafundisho waliyapokea pamoja. Mchimba mgodi aliyezoea kula peke yake na kuuficha mshahara alitakiwa amfungulie mkewe moyo: anawaza nini, anaogopa nini. Waliokwisha kukomaa waliwazaa wengine kiroho, na hapo uzazi ukapanuka. Mwanamume asiye na mtoto, ambaye kijijini huenda angedharauliwa, aliweza kuwa baba kweli, mwenye watoto wanaomheshimu na kumtegemea. Sijui faraja kubwa kuliko hiyo kwa Mluba. Jamaa ilileta pia migogoro, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliibana, kwani baadhi ya vikundi vilikuwa vimeanza kwenda njia zao. Lakini fundisho lile juu ya mume halikuwa kosa, na linakubaliana na Paulo alipowaagiza waume wa Efeso wawapende wake zao hadi kujitoa.

Vita vilirudi bondeni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanamgambo walioitwa Mai-Mai walichoma vijiji, na wakimbizi wakamiminika Kamina. Ntambo Nkulu Ntanda, aliyekuwa askofu wa Wamethodisti wa Katanga Kaskazini na makao yake yakiwa Kamina, aliwapokea. Mwaka 2004 aliitisha mkutano wa amani mjini humo, akamkaribisha hata kiongozi wa Mai-Mai aliyejulikana kwa jina la Chinja-Chinja, mtu ambaye wengi walitetemeka kulisikia jina lake, akaketi naye meza moja pamoja na machifu na watu wa serikali.